Agizo la Ijumaa

SURA YA SITA

Lakiri ya polisi ilikuwa palepale mlangoni, nyekundu, haijaguswa. Sajenti Yunisi Msengi aliipitishia kidole pembeni taratibu, kama mama anayeangalia jipu la mtoto, kisha akamwita Konstebo Petro asogee ashuhudie kwa macho yake kwamba tangu Ijumaa hakuna mtu aliyeingia mle ndani. Petro akaangalia, akakubali. Yunisi akaivunja.

Banda la pampu la Kiwanda cha Mafuta cha Abdulazizi na Wanawe lilikuwa nje kidogo ya mji wa Singida, kando ya barabara ya vumbi inayokwenda makaburini. Ndani palinuka alizeti iliyochacha. Ukutani palikuwa na swichi kubwa inayowasha na kuzima kila kitu: mashine za kukamulia, pampu, na kompyuta moja iliyokaa juu ya meza ya mbao kama mgeni aliyekosea nyumba. Nyuma ya banda ndipo lilipokuwa tangi la chini, lile la kujazia magari, lililochimbiwa ardhini mdomo wake ukabaki juu.

Humo ndimo alimofia Idrissa.

Alikuwa mpakiaji, na kazi yake nyingine ilikuwa kushuka tangini likiwa tupu kukwangua mashapo. Ijumaa alishuka. Akiwa chini, pampu ikafunguka, mafuta yakamshukia kichwani. Ngazi ya chuma ikawa inateleza, kila akipanda inamrudisha. Alipotolewa alikuwa ameshakata roho, na wazee waliomwosha walisema mpaka walipojipaka majivu ndipo mikono yao ilipoweza kumshika.

Zaidi yake, aliyekuwa bandani siku hiyo ni mmoja tu, Simeoni, mwendesha mashine, mtu wa Kinampanda. Na Simeoni ndiye aliyekuwa rumande, kesho asubuhi anapelekwa mahakamani kwa kosa la kuua. Kesi ya kuua haina dhamana, na mwisho wake unajulikana hata kwa mtoto wa shule: ni kamba.

Ushahidi dhidi yake ulikuwa umekaa vizuri. Idrissa alikuwa anamtaka Ritha, dada yake Simeoni. Simeoni hakutaka, na wiki mbili nyuma, mbele ya watu, kwenye duka la soda, alimwambia Idrissa kwamba akimwona tena na dada yake atamzamisha kwenye hilo hilo tangi lake. Idrissa alicheka, akamjibu, "Sawa shemeji, nitatoka huko nimeng'aa." Watu wakacheka wote. Sasa wote waliocheka ni mashahidi.

Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichokuwa kinamkera Yunisi. Pampu ile haikuwa na swichi yake ya mkono.

Mzee Abdulazizi aliifanya hivyo makusudi. Kiwanda kilikuwa cha serikali, kikabinafsishwa, yeye akakinunua kikiwa kinavuja kila upande: mafuta yanatoka usiku kwa ndoo, asubuhi hakuna ajuaye. Akasema sasa basi. Akaleta kompyuta mbili. Moja akaiweka ofisini kwake katikati ya mji, nyingine hapa bandani, zikaunganishwa kwa waya wa simu. Pampu ikafungwa kwenye kompyuta ya banda. Mafuta hayatoki tone mpaka Klara, karani wa ofisini, abonyeze kule. Na Klara alishasema polisi, tena kwa kuapa, kwamba kwa muda Idrissa alipokuwa tangini hakubonyeza kitu. Ndiyo maana Mkuu wa Upelelezi alisema Simeoni alifungua sanduku la pampu akagusanisha nyaya. Hakuna njia nyingine.

"Kama hakuna njia nyingine, tuione hiyo moja," Yunisi alimwambia Petro, akamtuma na gari ofisini akakae na Klara.

Akabaki peke yake. Kwanza alikwenda kwenye sanduku la pampu. Lilikuwa la chuma, limefungwa kwa skrubu nne, na kiwanda kizima kilipopakwa rangi ya kijani, sanduku nalo halikuachwa. Rangi ilikuwa imefunika skrubu zote. Alikwangua moja kwa ukucha, rangi ikabanduka kama ganda la yai. Nyingine tatu zilikuwa nzima, hazina hata ufa. Mtu hawezi kufungua skrubu akaacha rangi juu yake nzima. Sanduku halikuwa limefunguliwa Ijumaa, na huenda halijafunguliwa tangu mwaka uliopita.

Basi ile njia moja ilikuwa imeziba.

Akawasha swichi kubwa. Mashine za kukamulia zikaanza kunguruma, kompyuta ikaamka. Alisubiri ikae sawa, akaenda kwenye simu ya ukutani. Simu na kompyuta vilitumia waya mmoja, kwa hiyo ukiongea, kompyuta inasubiri. Alipiga ofisini. Sauti ya Klara ikaja safi kama yuko chumba cha pili. Yunisi akamwambia aagize pampu ifunguke kama siku zote, kisha akaweka simu chini, akasimama mbele ya kompyuta mikono nyuma.

Kando ya kompyuta kulikuwa na modemu, kile kisanduku kinachopokea kutoka kwenye waya. Taa yake ikaanza kupepesa. Yunisi akasubiri pampu ingurume. Pampu ikanyamaza. Kwenye kioo ukatokea mstari mmoja, kwa Kiswahili, maana Mzee alikataa kabisa programu ya Kizungu kwenye kiwanda chake: UJUMBE UMEFIKA. HAUSOMEKI.

Akapiga tena simu, akasema rudia. Ikawa vilevile. Mara ya tatu aliyepokea kule alikuwa Luqmani, fundi wa kompyuta, kijana wa Dar. Alikuwa anaongea haraka haraka. Alisema kwake inatokea HAKUNA JIBU, na kwa maoni yake ya kitaalamu waya ni mbovu, au Simeoni alivuruga kitu siku ile.

"Waya ni mbovu," Yunisi alirudia.

"Kabisa, Afande."

"Na sasa hivi tunaongea kwa waya upi?"

Luqmani alikohoa. Yunisi akamwambia asitoke ofisini, anakuja.

Hakwenda mara moja. Alikaa kwenye kiti cha Simeoni, akaangalia ule mstari. Ujumbe umefika, hausomeki. Jana yake, selo, alikuwa amemhoji Simeoni kwa Kinyiramba, maana Kiswahili kilikuwa kimemkauka mdomoni kwa woga. Petro, Mgogo wa Manyoni, alikuwa amesimama mlangoni anasikia kila neno na haambulii kitu. Sauti ilikuwa inafika, maana haifiki. Kompyuta hii ilikuwa kwenye hali hiyo hiyo. Mwenzake alikuwa anaiita kwa lugha isiyoijua.

Lakini mpaka Ijumaa zilikuwa zinaelewana. Na hii ya hapa ilikuwa chini ya lakiri, haiwezekani ikawa imefundishwa lugha mpya. Basi iliyobadilishwa lugha ni ile nyingine, ya ofisini, na imebadilishwa baada ya mtu kufa.

Yunisi akazima swichi, akatoka kutafuta lifti kwenda mjini.

* * *

Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu ya duka la vitambaa, mtaa wa sokoni. Petro alimpokea kwenye ngazi na malalamiko. Alisema huyo Dada Klara hana utu: kila akibonyeza anamenya chungwa, anakula chungwa zima ndipo mashine inajibu HAKUNA JIBU, na wala hakumpa hata kipande.

Yunisi alisimama katikati ya ngazi. "Chungwa zima?"

"Mpaka na kokwa, Afande."

Alimtaka Klara peke yake, kwenye chumba cha stoo, kati ya majora ya vitambaa. Klara alikuwa mwanamke mrefu, mpole, macho yamevimba kwa kulia. Yunisi hakumwuliza habari za Simeoni. Alimwuliza habari za machungwa.

Klara aliona aibu, akasema ni mazoea tu. Tangu walete hizo kompyuta, ukibonyeza unasubiri. Kule banda likiwa limewashwa linajibu IMEPOKELEWA, likiwa limezimwa unasubiri, unasubiri, halafu linakuja HAKUNA JIBU. Agizo lililokuta mashine imezimwa ni agizo lililokufa, unatuma lingine. Kila mtu kiwandani alijua hivyo, mpaka wapakiaji.

"Na Ijumaa?"

Klara akaeleza. Wiki ile fundi alikuwa amebadilisha kitu kwenye kompyuta zote mbili, hakujua kitu gani. Ijumaa kabla ya swala alibonyeza agizo la kujaza tangi. Hakuwahi hata kushika chungwa. IMEPOKELEWA ikatokea palepale. Akafurahi, akasema leo imeamka vizuri. Baadaye kidogo akapiga simu kuuliza kama tangi limejaa. Idrissa ndiye aliyepokea. Akamwambia limejaa nini, mashine zote zimezimwa, kuna msiba unapita, Simeoni yuko barabarani kavua kofia.

Hilo halikumshangaza Yunisi. Pale bandani jeneza likipita lazima mashine izimwe. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ilikuwepo tangu kiwanda cha serikali, na mtu ambaye angeacha mashine inanguruma maiti ikipita asingepata wa kumzika siku yake. Maiti awe Mwislamu, awe Mkristo, Simeoni alikuwa anazima swichi kubwa, anatoka nje, anasimama mpaka wa mwisho apite.

"Ukamwambia nini Idrissa?"

"Nilimwambia basi, hilo limekufa. Nitatuma lingine baada ya swala, nikishampigia kwanza." Klara alishika ncha ya jora la kitambaa, akaikunja. "Akasema vizuri, basi ngoja nishuke nikwangue mashapo kabla ya swala. Ni mimi niliyemwambia hakuna mafuta yatakayokuja. Aliniamini."

"Ile IMEPOKELEWA ya haraka, ulimwambia mtu?"

Klara alisema alimwambia Luqmani jioni ile ile, walipotoka hospitali. Luqmani alimjibu kwamba macho yamemdanganya. Ofisi Jumamosi haifunguliwi. Jumatatu alipokuja alikuta kiti chake kimeshushwa chini, na yeye kwa urefu wake hajawahi kukishusha.

Yunisi alimshukuru. Hakumwambia anachokifikiria. Alitoka, akamkuta Luqmani amekaa mbele ya ile kompyuta, mtu mfupi, miguu yake inafika sakafuni vizuri kabisa.

"Fundi," alisema, akavuta kiti, "nieleze kazi yako kama unamweleza bibi yako. Wiki ile ulibadilisha nini?"

Luqmani alitazama mlango wa chumba cha ndani, uliokuwa umefungwa. Akaanza kwa kujizungusha. Alisema programu aliiandika mwenyewe, lakini mambo ya kupiga simu, kutuma na kupokea, hayo mtu haandiki upya, anatumia kazi iliyoandikwa na wataalamu wengine. Wao wanaiita maktaba, maktaba ya mtandao. Unaichukua, programu yako inaituma kama unavyomtuma tarishi. Yake ilikuwa toleo la pili. Limetoka toleo la tatu, akahamia. Halikuwa jambo la kupachika tu, toleo la tatu ni kama tarishi mwingine kabisa, ilibidi apitie programu yote, kila mahali inapomwita tarishi abadilishe namna ya kumwita.

"Na kompyuta moja ikiwa na tarishi wa zamani, nyingine wa mpya?"

Luqmani alitazama tena mlango wa ndani.

"Nimeuliza."

"Haziwezi kuelewana, Afande."

"Hii iliyo mbele yako ina wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Luqmani, ya bandani ndiyo ina wa tatu. Nimeivunjia lakiri mwenyewe leo asubuhi. Hii nimeijaribu nayo mara tatu, zikashindwa kuelewana. Jumamosi ulikaa kwenye hicho kiti ukarudisha wa zamani." Hakupandisha sauti. "Sasa mimi nataka kujua jambo moja tu. Huyu tarishi mpya, akikuta mlango umefungwa, anafanyaje?"

Mlango wa ndani ulifunguka. Mzee Abdulazizi alisimama pale na kanzu yake safi, fimbo mkononi.

"Shikamoo Mzee," alisema Yunisi, akasimama.

"Marahaba, mwanangu. Luqmani, kazi za watu zinakusubiri kule dukani."

Luqmani aliinuka nusu. Yunisi alimwambia Mzee kwa heshima zote kwamba fundi atakwenda dukani akishajibu. Kisha akamgeukia Luqmani, akamwambia kwamba kesho saa tatu Simeoni anasomewa shtaka la kuua, na yeye Luqmani ni kijana msomi, bila shaka anajua hukumu yake. Kwamba mama yake Simeoni alikuja kituoni jana kutoka Kinampanda kwa miguu na kuku mkononi, anauliza ampe nani huyo kuku ili mwanawe arudi.

Luqmani alikaa tena. Alipoanza kusema hakumtazama Mzee.

Tarishi wa zamani, alisema, alikuwa akikuta mlango umefungwa anarudi na kusema hakuna mtu. Huyu mpya harudi. Akishakabidhiwa ujumbe anakwambia papo hapo umepokelewa, maana yake yeye ameupokea, halafu anakaa nao. Anagonga, anagonga, mpaka siku mlango ukifunguliwa anauingiza. Kuna mahali pa kumwandikia agizo likae muda gani ndipo alitupe. Usipomwandikia halitupi.

"Uliandika?"

"Mzee alikuwa analalamika. Umeme wa Singida unakatika kila siku, maagizo yanapotea, magari yanalala. Nilimwambia kwa toleo hili hakuna agizo litakalopotea tena." Alijifuta jasho. "Nilijaribu kwa kukata umeme, Afande. Ilifanya vizuri. Hayo ya kuzima mashine kwa ajili ya jeneza sikuyajua. Kwetu mtu hazimi."

"Lakini Ijumaa jioni ulipoambiwa ukajua."

"Nikajua. Nikamweleza Mzee usiku ule. Akaniambia nirudishe la zamani."

Mzee alisema kwa upole kwamba yeye ni mfanyabiashara, mambo ya maktaba na matarishi hayajui, na kwamba kijana huyu amechanganyikiwa. Yunisi hakubishana naye. Alimwambia Luqmani arudishe toleo la tatu kwenye kompyuta ile, hapo hapo, Petro akiwa amesimama nyuma yake. Kisha akapiga simu kwa Mkuu wa Upelelezi akaomba mambo mawili: aje bandani mwenyewe, na aje na Simeoni.

* * *

Mkuu alikuja amekasirika. Alishuka kwenye Land Rover akasema ana mkutano, na kwamba kama Sajenti amemtoa ofisini kuja kuangalia kompyuta watazungumza vizuri kituoni. Simeoni alishushwa nyuma yake, pingu mkononi, ndevu zimeota, hakumtazama mtu. Mzee Abdulazizi alikuja kwa gari lake, Luqmani ndani yake. Petro alibaki ofisini na Klara.

Yunisi alikuwa ameshamaliza matayarisho. Ndani ya tangi, chini kabisa, aliweka gunia la pumba, limesimama wima pale ambapo mtu angesimama. Alimwomba Mkuu aangalie skrubu za sanduku la pampu. Mkuu akaangalia, akazigusa, uso ukapungua ukali. Kisha Yunisi akamwambia Simeoni afanye kama alivyofanya Ijumaa, tangu alipouona msiba.

Simeoni alimtazama kana kwamba anatukanwa. Yunisi akarudia kwa Kinyiramba. Akaenda polepole mpaka ukutani, akashusha swichi kubwa kwa mikono yote miwili, maana pingu hazikumruhusu kutumia mmoja. Kelele zote zikakata. Upepo ukasikika kwenye mabati. Akatoka nje mpaka barabarani, akainua mikono kuvua kofia ambayo hakuwa nayo, akaishusha.

Barabara ilikuwa tupu. Yunisi alipiga simu ofisini, akasema neno moja: "Bonyeza." Akaweka chini, akasubiri kidogo, akapiga tena. Petro akamwambia imejibu IMEPOKELEWA papo hapo, Klara hajamenya kitu.

"Imepokelewa na nani?" aliuliza Mkuu. "Hii si imezima?"

Yunisi akamwambia Petro kwa simu kwamba Klara aondoke kabisa mbele ya mashine, akae dirishani mikono mezani, asiguse kitu, na yeye Petro asimwondolee macho. Akaweka simu chini kwa mara ya mwisho.

Walisimama pale muda mrefu. Mzee alitaka kuingia garini kupumzika, Yunisi akamwomba avumilie, msiba haukimbizwi. Mpaka jasho la Mkuu lilipofika kwenye kola ndipo alipomwita Simeoni arudi ndani.

"Sasa msiba umepita. Ukafanya nini?"

"Nikawasha. Sikujua Idrissa yuko tangini."

"Washa."

Aliwasha. Mashine zikaanza kunguruma. Kompyuta ikaamka, ikafikiri, ikakaa sawa. Wote walikuwa wanaangalia pampu. Yunisi alikuwa anaangalia taa ya modemu. Ikapepesa mara moja, ikatulia, ikapepesa tena. Kwenye kioo ukatokea mstari: AGIZO LIMEFIKA. FUNGUA.

Pampu ikashtuka, ikaanza kuvuta.

Hakuna mkono uliokuwa karibu nayo. Simeoni alikuwa bado ameshika swichi ya ukutani, hatua nyingi kutoka pale. Mkuu alikimbilia nyuma, akainama kwenye mdomo wa tangi. Mafuta yalikuwa yanashuka mazito, ya dhahabu, moja kwa moja juu ya gunia. Gunia likayumba, likalala ubavu, likazama. Likaibuka mara moja, likazama tena.

Mkuu aliinuka taratibu. "Zima," alisema. Simeoni akazima.

Simu ya ukutani ikaita. Alikuwa Petro, anauliza kimefanyika nini huko, maana Klara hajajongea na kompyuta imeandika AGIZO LIMEFIKISHWA yenyewe, na Klara ameisoma kutoka dirishani. Yunisi akamwambia amlete.

Mkuu ndiye aliyefungua pingu za Simeoni, kwa mkono wake. Hakuomba radhi, si desturi ya kazi, lakini alizifungua taratibu bila kumminya. Simeoni aliangalia mikono yake. Aliuliza jambo moja tu, kwa Kiswahili ili wote wasikie: kwa hiyo kama angeacha mashine inanguruma maiti ya watu ipite, Idrissa angekuwa hai?

Yunisi angeweza kumdanganya. "Angekuwa hai," alisema. "Na kama agizo lingekufa kama yanavyokufa siku zote, angekuwa hai vilevile."

Gari likafika. Klara alishuka kabla halijasimama sawasawa, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya Mkuu, akaona pingu zinaning'inia mkononi mwake hazina mtu. Akanyoosha mikono yake yote miwili, viganja juu.

"Ni kidole changu," alisema.

Yunisi aliishusha ile mikono, mmoja baada ya mwingine. Akachukua pingu kwa Mkuu, akampita Klara, akampita Luqmani aliyekuwa ameshaanza kulia, akasimama mbele ya Mzee Abdulazizi.

Mzee alitabasamu kidogo, kama mtu mzima anayemvumilia mtoto. Aliuliza wanamkamata kwa lipi, maana kutuma hakutuma yeye, na hiyo programu hakuiandika yeye. Ile ilikuwa ajali, na wote wameiona kwa macho yao sasa hivi kwamba ni ajali.

"Ijumaa ilikuwa ajali, Mzee," alisema Yunisi. "Jumamosi haikuwa ajali. Jumamosi ulijua, na bado uliagiza ushahidi ufutwe, ukaacha mtu anyongwe."

Fimbo ilianguka vumbini. Hakuna aliyeiokota. Luqmani aliingizwa nyuma ya Land Rover pamoja na tajiri wake, kila mmoja akatazama upande wake.

Simeoni hakuondoka. Mkuu alimwambia yuko huru, aende kwao. Akabaki amesimama mlangoni mwa banda. Mwishowe akamwita Petro pembeni, akamwomba amsindikize, na asivue sare. Alitaka kwenda kwa kina Idrissa, matanga bado hayajaanuliwa. Kwenda peke yake alikuwa anaogopa. Wale watu wameshamwapiza siku zote hizi, na hataweza kumaliza hata salamu kabla hawajamrukia.

Petro alimtazama Yunisi. Yunisi akatikisa kichwa kukubali. Alisema na yeye atakuja, lakini aanze nani kusema, hilo hakujua. Mama mwenye kufiwa hawezi kuelezwa habari za tarishi na matoleo akaelewa.

"Nitasema mimi," alisema Klara.

Alijifuta uso kwa upande wa khanga, akajifunga vizuri kichwani, akatangulia. Wakamfuata nyuma kwa miguu, askari wawili na Simeoni katikati yao, kwenye barabara ile ile ya vumbi.